August Vollmer: Mpeleka Barua Aliyewapeleka Polisi Chuo Kikuu

Kila anayesoma kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ameshaulizwa swali lilelile. Akienda likizo anaulizwa na mjomba, akirudi bwenini anaulizwa na jirani anayesoma uhandisi: hivi kweli mtu anahitaji digrii ili akamate mwizi? Wengi tunacheka, tunabadilisha mazungumzo, halafu usiku tunajiuliza wenyewe. Maana swali si la kijinga. Polisi walikuwepo kabla ya shahada za uhalifu. Magereza yalikuwepo, mahakama zilikuwepo. Sasa nani aliyeamua kwamba kazi hii inataka kusomewa?

Waliochangia ni wengi, Ulaya na Marekani. Lakini tukizungumzia kozi za namna hii, zinazomwandaa mwanafunzi kwa upolisi, upelelezi, magereza au probesheni, kuna jina moja huwezi kulikwepa: August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, jimbo la California. La ajabu ni kwamba mzee huyu mwenyewe hakuwa na digrii. Masomo yake yaliishia ngazi ya shule ya msingi, ukiongezea na kozi fupi ya ukarani. Nimeona maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa kwa sababu ndani yake mna jibu la swali la mjomba. Pia mna onyo ambalo sisi tunaosoma fani hii hatulisikii mara nyingi.

Mtoto wa wahamiaji

Vollmer alizaliwa New Orleans tarehe 7 Machi 1876. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba alifariki August akiwa na miaka minane, na mama akabaki na mzigo wa kulea. Akawachukua watoto wakaishi Ujerumani kwa muda, wakarudi New Orleans, kisha familia ikahamia California. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakawa wametulia Berkeley, mji ulio ng'ambo ya ghuba ukitokea San Francisco.

Wakati ule Berkeley ulikuwa mji mdogo tu, lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho miji mingi ya saizi yake haikuwa nacho: Chuo Kikuu cha California. Likumbuke hilo. Bila chuo kile jirani, huenda Vollmer angebaki askari hodari wa mji mdogo, na leo tusingekuwa tunamtaja.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika kama ujana wa wengi. Yeye na mwenzake walifungua duka la makaa ya mawe na chakula cha mifugo. Alishiriki kuanzisha kikosi cha zimamoto cha kujitolea mtaani kwao. Mwaka 1898, vita vya Marekani na Hispania vilipozuka, akajiunga na jeshi na kupelekwa Ufilipino. Alipigana Manila, kisha akafanya doria kwa boti zenye silaha kwenye mito. Huko alijifunza kupanga doria, kusoma eneo na kukusanya habari kabla ya kuchukua hatua. Alirudi nyumbani mwaka 1899 na mwaka uliofuata akaajiriwa na posta kama mpeleka barua.

Miaka ile ya posta watu huipita haraka, lakini mimi naiona ni shule. Mpeleka barua anaijua mitaa, anajua nani kahama na nani kafiwa, na nyumba ipi haifungui mlango. Anasalimiana na kila mtu na hana mamlaka ya kumkamata yeyote. Alipokuja kuwa polisi, Vollmer alishawajua watu wa Berkeley kwa majina kabla hajawajua kwa makosa.

Mwaka 1904 likatokea jambo lililomtoa. Behewa la mizigo lilikatika likawa linateremka lenyewe kwenye mtaa wa Shattuck, kuelekea stesheni ambako treni ya abiria ilikuwepo. Vollmer akalikimbilia, akaruka juu yake, akafunga breki kabla halijagonga. Mji mzima ukamzungumzia. Mhariri wa gazeti la pale, Friend Richardson, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa California, alikuwa miongoni mwa waliomsukuma agombee ukuu wa askari wa mji. Siku zile cheo hicho kilipigiwa kura. Tarehe 10 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 29, akachaguliwa.

Baiskeli, taa na kadi

Kazi aliyoirithi haikuwa na heshima kubwa. Katika miji mingi ya Marekani upolisi ulikuwa zawadi ya wanasiasa. Ukimsaidia mgombea akashinda, unapewa rungu na beji. Hakuna mafunzo. Kuruta alipewa sare, akaonyeshwa mtaa wake, akaambiwa aende. Kumpiga mtuhumiwa mpaka akiri lilikuwa jambo la kawaida katika vituo vingi.

Vollmer alianza na vitu vidogo vinavyoonekana. Aliwapandisha askari wake baiskeli ili wafike upesi. Akafunga mtandao wa taa kwenye makutano ya barabara: taa ikiwaka, askari aliye doria anajua anatafutwa, anakwenda kwenye simu iliyo karibu kuuliza kuna nini. Kufikia katikati ya miaka ya 1910 askari wake walikuwa wanafanya doria kwa magari, na miaka ya 1920 redio ikaingia kwenye magari hayo.

Lakini kilichomtofautisha zaidi ni kadi. Alianza kuweka kumbukumbu za makosa kwa kufuata namna mhalifu anavyofanya kazi yake: anaingilia dirishani au mlangoni, saa ngapi, anachukua nini, anaacha nini. Akatia alama kwenye ramani kuonyesha makosa yanatokea wapi na wakati gani, kisha akapanga doria kufuata ramani. Ukikaa darasani leo ukafundishwa kuchambua takwimu za uhalifu kwa kompyuta, ujue wazo lenyewe lilianza kwa pini, karatasi na uvumilivu.

Mwaka 1906 tetemeko kubwa liliipiga San Francisco na moto ukateketeza sehemu kubwa ya jiji. Maelfu ya watu wakavuka ghuba kukimbilia Berkeley. Vollmer, mwaka mmoja tu kazini, akaandikisha watu wa kujitolea, wengine wakiwa askari wenzake wa zamani, wakalinda mji na wakimbizi. Mji ukamwamini zaidi. Mwaka 1909 Berkeley ikaunda cheo cha mkuu wa polisi, na yeye akawa wa kwanza kukishika.

Kifo kimoja na kitabu kimoja

Mwaka 1907 alipata kesi iliyombadilisha. Mtu alikutwa amekufa kwa sumu, na kwa juujuu ilionekana kajiua. Vollmer hakuridhika. Badala ya kufunga jalada, alivuka barabara akaenda chuoni kumwona Jacques Loeb, profesa wa fiziolojia. Loeb akaangalia ushahidi, akaona dalili kwamba marehemu aliuawa. Lakini kesi haikufika mbali. Ushahidi haukutosha kisheria na mshukiwa akaachiwa.

Polisi mwingine angelalamika kwamba mahakama zinawalea wahalifu. Vollmer aliliona tatizo liko upande wake. Askari wake hawakujua kulinda eneo la tukio. Hawakujua kipi ni ushahidi na kipi si ushahidi, wala namna ya kukichukua na kukitunza. Loeb akamshauri asome maandishi ya Hans Gross, hakimu wa Austria aliyekuwa ameandika juu ya upelelezi wa kisayansi na saikolojia ya uhalifu. Vollmer akaingia kwenye vitabu kama mtu mwenye njaa. Hakuwa na mtihani wa kufanya, hakuwa na matokeo ya kusubiri. Alikuwa anatafuta jinsi ya kutoshindwa tena kesi ya namna ile.

Mwaka 1908 akaanzisha shule ya polisi ya Berkeley, miongoni mwa za kwanza kabisa Marekani. Walimu walikuwa maprofesa wa chuo na wapelelezi wenye uzoefu. Askari walisoma sheria ya ushahidi, huduma ya kwanza, upigaji picha, alama za vidole na kanuni za afya ya mji. Waliingia darasani nje ya zamu zao. Fikiria mwenyewe: umetoka doria umechoka, viatu vinauma, halafu profesa anaanza kukueleza tofauti ya damu ya binadamu na ya mnyama. Sidhani kama wote walifurahi.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1916. Vollmer na Alexander Kidd, profesa wa sheria, waliandaa masomo ya uhalifu ndani ya chuo kikuu chenyewe, yakifundishwa wakati wa kipindi cha kiangazi. Hapo ndipo elimu ya uhalifu ya Berkeley ilipotoka kituoni na kuingia chuoni.

Askari wanachuo

Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Vollmer alifanya jambo ambalo wakuu wenzake waliliona kichekesho. Aliweka tangazo la kazi kwenye gazeti la wanafunzi wa chuo. Alikuwa anatafuta vijana wanaosoma, wawe polisi huku wakiendelea na masomo. Zamu ya kazi, halafu darasani. Aliyekuja alipimwa akili na hali ya kisaikolojia kabla ya kupewa beji. Magazeti na askari wa miji mingine wakawacheka hao askari wanachuo. Kicheko hakikudumu.

Mmoja wao aliitwa John Larson. Alikuwa amepata shahada ya udaktari ya fiziolojia mwaka 1920, akaajiriwa kama askari wa kawaida. Mwaka 1921, kwa kutiwa moyo na Vollmer, akatengeneza mashine iliyopima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na upumuaji wakati mtu anahojiwa. Ndiyo mama wa mashine za kupima uongo. Moja ya kesi zake za mwanzo ilihusu wizi kwenye bweni la wanafunzi wa kike wa Berkeley. Vitu vilikuwa vinapotea, wasichana wakapimwa mmoja mmoja, na mmoja akaja kukiri. Mwingine, ambaye naye alikuwa kaibiwa, baadaye akaolewa na Larson.

Nia ya Vollmer katika mashine ile ilikuwa njema: kama tunaweza kuupata ukweli kwa sayansi, hatuna sababu ya kumpiga mtu. Lakini Larson mwenyewe, kadiri miaka ilivyokwenda, alikata tamaa na namna mashine ilivyotumika kuwatisha watu badala ya kutafuta ukweli. Akasomea udaktari wa magonjwa ya akili. Hilo ni somo la kwanza la onyo nililolitaja: kifaa kinachoitwa cha kisayansi kinaweza kugeuka rungu jipya.

Mwingine alikuwa Walter Gordon, mchezaji maarufu wa timu ya mpira ya chuo, aliyeajiriwa mwaka 1919. Alikuwa askari Mweusi wa kwanza wa Berkeley. Baadhi ya askari weupe hawakutaka kufanya kazi naye, na inasimuliwa kwamba Vollmer aliwaambia asiyetaka aweke beji mezani aondoke. Gordon alilinda mitaa huku akisoma sheria, akahitimu mwaka 1922. Baadaye aliteuliwa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani, kisha jaji wa shirikisho.

Wa tatu ni Orlando Wilson, aliyejiunga mwaka 1921 akiwa mwanafunzi na kuhitimu mwaka 1924. Huyu alikuja kuongoza polisi wa Wichita, akawa mkuu wa skuli ya uhalifu ya Berkeley, na mwaka 1960 akaitwa kulisafisha jeshi la polisi la Chicago lililokuwa limechafuka kwa kashfa.

Vollmer alikuwa na utaratibu mwingine ninaoupenda. Kila Ijumaa askari walikutana naye, na katika kikao hicho kila mtu alikuwa huru kulalamika, hata juu ya mkuu mwenyewe. Kinacholalamikiwa kinajadiliwa, wakimaliza kimekwisha. Mwaka 1925 alimteua pia mwanamke, Elizabeth Lossing, kuongoza kitengo cha kuzuia uhalifu kilichoshughulikia zaidi watoto na vijana. Kwa Vollmer, kijana aliyeanza kuharibika alihitaji kwanza mwalimu, daktari na mzazi kukaa pamoja. Selo ilikuwa ya mwisho.

Los Angeles yamshinda

Msidhani mambo yalimnyookea. Mwaka 1923 jiji la Los Angeles lilimwomba akaongoze polisi wake kwa mwaka mmoja. Lilikuwa jiji linalokua kwa kasi, pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima, na biashara ya magendo ilikuwa inawalisha wanasiasa na askari kwa pamoja. Vollmer akaenda na dawa zake zote: vipimo vya akili kwa askari, takwimu, ramani, mafunzo, kikosi maalumu cha kupambana na majambazi. Akaandika ripoti nzito yenye mapendekezo.

Mwaka ulipokwisha, mwaka 1924, akarudi Berkeley. Wenye mji walimwona mgeni, askari wengi walimchukia, na wanaofaidika na rushwa walisubiri tu muda wake uishe. Mapendekezo mengi yakabaki kwenye karatasi. Ripoti ile ilikuja kuheshimiwa miaka mingi baadaye, lakini wakati ule ilishindwa. Nadhani hapa tunaona mpaka wa elimu. Unaweza kumfundisha askari kila kitu kuhusu alama za vidole, lakini kama mshahara wake wa pili unatoka kwa muuza magendo, alama hizo hataziona.

Pamoja na hayo, sifa zake zilishaenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi. Miji kadhaa ilimwita aichunguze polisi wake, na mwaka 1926 alifika hadi Havana, Cuba. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Chicago kikampa uprofesa wa uendeshaji wa polisi. Yule aliyeachia masomo ngazi ya msingi akawa profesa.

Mwaka huohuo Rais Herbert Hoover aliunda tume ya kitaifa ya kuchunguza utekelezaji wa sheria, iliyojulikana kama Tume ya Wickersham. Ripoti zake zilitoka mwaka 1931. Vollmer aliongoza uandishi wa ripoti kuhusu polisi, iliyoeleza wazi jinsi siasa, ukosefu wa mafunzo na kubadilishwabadilishwa kwa wakuu kulivyoiharibu kazi hiyo. Ripoti nyingine ya tume ileile ilianika mateso wanayofanyiwa watuhumiwa vituoni. Ndipo Wamarekani wengi walipokiri kwamba tatizo si askari wachache wabaya.

Alistaafu ukuu wa polisi mwaka 1932, akaendelea kufundisha Berkeley kama profesa hadi miaka ya mwisho ya 1930. Mwaka 1936 alitoa kitabu chake kuhusu polisi na jamii ya kisasa. Ndani yake alisema mambo yaliyowashangaza watu wa zama zake, kwa mfano kwamba mraibu wa dawa za kulevya ni mgonjwa na polisi si daktari wake. Adhabu ya kifo pia aliipinga.

Tarehe 30 Desemba 1941, wanafunzi wake wa zamani waliokuwa sasa wanafundisha kozi za polisi vyuoni walikutana nyumbani kwake Berkeley. Wakaunda chama. Chama hicho kilibadilisha jina mara kadhaa, na leo ndicho Jumuiya ya Kriminolojia ya Marekani, ambayo majarida yake tunayasoma kwa ajili ya asaimenti.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson na saratani. Tarehe 4 Novemba 1955, nyumbani kwake, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 79.

Upande wa pili wa karatasi

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu. Lakini sisi tunafundishwa kuuliza, basi tuulize.

Vollmer aliishi zama ambazo wasomi wengi waliamini uhalifu unarithiwa, na kwamba kuna jamii za watu zilizo duni kwa damu. Mawazo hayo hayakuwa ya wahuni wa vijiweni. Yalifundishwa na maprofesa wenye majoho. Yaliingia pia kwenye masomo ya polisi ya Berkeley, chini ya jina la sayansi. Mtu yuleyule aliyemtetea Walter Gordon aliruhusu askari wake wafundishwe nadharia ambazo, kwa mantiki yake, zingemweka mtu kama Gordon katika kundi la watuhumiwa tangu kuzaliwa.

Na lile la Ufilipino nalo lina uzito. Wanahistoria wa siku hizi wanakumbusha kwamba baadhi ya mbinu za polisi wa kisasa wa Marekani, za ramani, za doria za haraka, za kukusanya habari za wakazi, zilipitia vita vya ukoloni kabla ya kufika mitaani. Mbinu iliyobuniwa kumdhibiti mtawaliwa haiachi tabia yake kwa sababu tu imehamia mjini. Sisi tuliozaliwa katika nchi ambazo polisi wake waliundwa kwanza na wakoloni hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Kisha kuna habari ya skuli yenyewe. Mwaka 1950 Chuo Kikuu cha California kilifungua Skuli ya Kriminolojia kamili pale Berkeley, Orlando Wilson akiwa mkuu wake. Ndoto ya Vollmer ikawa jengo. Ilipofika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, baadhi ya walimu na wanafunzi wa skuli ile wakaanza kuuliza maswali mapya. Kwa nini makosa ya maskini yanaitwa uhalifu na makosa ya matajiri yanaitwa hasara ya biashara? Kwa nini watu Weusi wanajaa magerezani? Polisi wanamlinda nani? Wakawakosoa polisi waziwazi. Wanafunzi waliandamana kuitetea skuli yao, lakini mwaka 1976 ilifungwa.

Iliishi miaka 26 tu. Ilipokuwa inawafundisha polisi, ilisifiwa. Ilipoanza kuwachunguza, ikawa tatizo.

Jibu la mjomba

Sasa tumrudie mjomba. Kumkamata mwizi hakuhitaji digrii. Hata kundi la watu wenye hasira linaweza kumkamata mtu, na tunajua linavyoishia. Kinachohitaji kusomewa ni yale mengine: kujua kama huyu ndiye mwizi kweli, kulithibitisha hilo bila kumvunja mbavu, kulinda ushahidi mpaka ufike mahakamani, na kuelewa kwa nini mtaa huu unatoa wezi kila mwaka na ule hautoi. Vollmer alilijua hilo baada ya mshukiwa mmoja kuachiwa kwa sababu polisi hawakujua kazi yao.

Kwa wewe unayejiandaa kwenda huko, iwe polisi, gerezani, maabara ya uchunguzi, ofisi ya mashtaka au probesheni, nadhani maisha haya yanakuachia mambo matatu ya kubeba. La kwanza, vuka barabara. Vollmer hakujifungia kituoni. Alimfuata mwanafiziolojia, mwanasheria, mwanasaikolojia. Kama una nafasi ya kuchukua somo la takwimu, la sheria ya ushahidi au la afya ya akili nje ya idara yako, lichukue hata kama linatisha kwa sapu.

La pili, ukienda field, angalia kabla ya kuhukumu. Andika unachokiona. Kumbuka Los Angeles: kuwa na maarifa hakukufanyi uwe na nguvu ya kubadilisha ofisi. Utakuta wakubwa waliozoea, na rushwa yenye mizizi. Ukiingia huko ukidhani cheti kitakusafishia njia, utavunjika moyo ndani ya miezi mitatu, au utajiunga nao.

La tatu ndilo gumu. Kila nadharia unayofundishwa kuhusu nani ni mhalifu, iulize imetoka wapi na inamlenga nani. Wanafunzi wa Vollmer waliandika kwenye madaftari yao nadharia za damu na urithi, wakafaulu mitihani, wakaenda nazo kazini. Hakuna aliyewaambia kwamba ni uongo, kwa sababu aliyewafundisha alikuwa profesa. Leo tunafundishwa kuhusu programu za kompyuta zinazobashiri mtaa upi utakuwa na uhalifu kesho. Huenda zikasaidia, na huenda zikawa zile kadi za Berkeley zikiwa na makosa yaleyale, ila kwa kasi zaidi.

Juu ya vilima vya Berkeley kuna kilele kinachoitwa kwa jina la Vollmer. Kutoka kule unaona ghuba na miji inayoizunguka, chuo kikiwa chini yako. Mahali pazuri, wanasema waliofika. Sisi wengine tutamkumbuka huku vimbwetani, tukibishana kama aliyoyaanzisha yametusaidia au la. Nadhani kwa mtu aliyewapa askari wake Ijumaa nzima ya kumlalamikia, ubishi huo usingemkera.